Kasala ndani ya Misa: wimbo wa bankambo wenye nguo mpya

Mwaka 2001, kundi la Therion la Sweden lilitoa albamu inayoitwa Secret of the Runes. Ni muziki wa gitaa nzito za umeme pamoja na korali, na inasimulia dunia tisa za hadithi za kale za watu wa Kaskazini ya Ulaya. Vijana wetu wakisikia muziki wa namna ile, wanauliza: na siye je? Mambo ya bankambo hayawezi kuingia katika diski ya kisasa?

Yaliingia zamani, tena hapa kwetu Katanga. Pale Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya korali ya watoto 45 hivi, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15 hivi. Iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba Missa Luba kwa mara ya kwanza katika misa. Mwaka ule ule walisafiri Ulaya, wakaimba Brussels kwenye maonyesho ya dunia, na diski ikatoka.

Maneno ni ya Kilatini, kwa sababu wakati ule misa ilikuwa ya Kilatini. Lakini sauti njo yetu. Hakuna kinanda, ni ngoma tu. Hawakusoma nota, mwimbaji alianza, wengine wakaitika, kama mukini. Pale Yesu anaposulubiwa, tunasikia kasala, namna ya Waluba ya kulilia marehemu. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana, na Hosanna inafuata mapigo ya dansi ya Kasai. Mwaka 1968 Sanctus ile iliingia katika filamu ya Uingereza, If...., na watu wa mbali wakaipenda.

Hapa tunapaswa kusema neno moja bila kuficha. Kasala ni wimbo wa majina. Mwenye kuiimba anaita mtu, anaita baba yake, nkambo yake, na ukoo wake wote, ili wasipotee. Basi, jina la Padri Haazen, aliyefariki mwaka 2004, linajulikana. La Joachim Ngoi, aliyeongoza kwa sauti yake, linajulikana kidogo. Lakini wale watoto 45, ni nani kati yetu anaweza kuwataja? Hatumlaumu mupadri, bila yeye pengine diski isingekuwapo. Tunajilaumu wenyewe, kwani majina yalikuwa kazi yetu.

Wale watoto leo ni wazee, na wengine wamekwisha kwenda. Kwa hiyo, msomaji, kama katika jamaa yako kuna mzee aliyeimba Kamina, usingoje matanga. Keti naye, andika jina lake na la wenzake. Kasala ya kweli inaanzia pale.