Jinsi hisabati inavyopima maji ya Ziwa Victoria

Ziwa Victoria, linalogawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mto pekee unaotoka humo ni Naili, uanzao Jinja, Uganda. Kiasi cha maji kinachopitishwa hapo kinagusa umeme wa Uganda, magati na makazi ya kando ya ziwa katika nchi zote tatu, na mtiririko unaoelekea Sudan Kusini, Sudan na Misri.

Ili kukadiria mwenendo wa ziwa, wataalamu hutumia modeli ya kihisabati, yaani milinganyo inayoeleza hali halisi. Msingi wake hautofautiani na daftari la mwenye duka: kinachoingia, ukitoa kinachotoka, ni badiliko la akiba. Sehemu kubwa ya kinachoingia ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Sehemu nyingine huletwa na mito kama Kagera, Nzoia na Mara. Maji hupotea zaidi kwa kugeuka mvuke, na yanayosalia hutoka kwa Mto Naili.

Sentimita moja ya maji katika ziwa lote ni takriban mita za ujazo milioni 688. Zikipita Jinja mita za ujazo 1,000 kila sekunde, kuitoa sentimita hiyo kwahitaji siku nane, hata kama mvua, mito na mvuke havihesabiwi. Ndiyo sababu ziwa lililofurika haliwezi kushushwa haraka kwa kufungua milango ya bwawa.

Zamani mwamba wa Maporomoko ya Ripon ndio uliodhibiti mtiririko huo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipozinduliwa mwaka 1954, nafasi ya mwamba ilichukuliwa na grafu iliyokubaliwa: kila kina cha ziwa kina kiasi chake cha maji ya kutolewa, sawa na ambacho kingepita kwa asili.

Kati ya mwaka 2004 na 2006 kina kilishuka sana. Ukame ulikuwapo, lakini hesabu zilionyesha kuwa maji yaliyotolewa pia yalizidi kiwango cha grafu. Bila modeli, sababu hizo mbili zisingetenganishwa. Mwezi Mei 2020 hali iligeuka: kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964, na maelfu ya wakazi wakahama kwa mafuriko.

Modeli hutegemea vipimo. Vituo vingi vya mvua viko nchi kavu, hivyo mvua ya katikati ya ziwa hukadiriwa kwa msaada wa satelaiti. Hisabati yaweza kuonyesha matokeo ya kila uamuzi. Kuitii kanuni hubaki kuwa wajibu wa serikali zinazotumia maji hayo.