Faili za mazoezi zikikataa kufunguka: mwongozo kwa wakufunzi wa soka ya chipukizi

MKUFUNZI wa soka ya chipukizi mtaani Kianda, Kibera, hahitaji tena kuvuka mipaka ili aone jinsi wenzake wanavyowafunza watoto kupiga pasi au kukaba. Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) lina tovuti ya FIFA Training Centre inayotoa video na maelezo ya mazoezi bila malipo, na vilabu na vyama vingi hufanya vivyo hivyo. Kinachohitajika ni simu, data na muda. Hata hivyo, hapo ndipo taabu huanzia. Video hupakuliwa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi watoto wameshajipanga uwanjani, nayo faili haifunguki.

Soka ya watoto si mchezo wa kupotezea wakati katika eneo hili. Shirika la Carolina for Kibera, lililoanzishwa mwaka 2001, lilitumia kandanda tangu mwanzo kuwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali. Mkufunzi anayejitolea, na ambaye hununua data kwa fedha zake mwenyewe, ana kila sababu ya kutaka kujua faili yake imeharibikia wapi.

Kosa la wengi ni kukimbilia kupakua upya. Video ya megabaiti 120 ikipakuliwa mara tatu imemeza megabaiti 360, na kwa kasi ya megabiti mbili kwa sekunde kila jaribio huchukua dakika nane. Iwapo kasoro haikuwa katika upakuaji, fedha hizo zimekwenda bure. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitufe kile tena, chunguza kwanza iwapo faili ilifika nzima.

Faili isiyo nzima ndiyo chanzo kikuu cha malalamiko, na sababu yake inastahili kuelezwa. Mtu hujiuliza: ikiwa asilimia 95 ya video imefika, mbona nisione hiyo asilimia 95? Jibu limo katika jinsi faili zinavyoundwa. Kamera ya simu haiwezi kujua video itakuwa na urefu gani hadi anayerekodi abonyeze kitufe cha kusimamisha. Hivyo basi huandika picha kwanza, kisha mwishoni huongeza faharasa inayoonyesha kila picha imehifadhiwa wapi. Faili nyingi za MP4 zimepangwa hivyo. Nyaraka za PDF nazo huweka orodha ya sehemu zake mwishoni. Waraka wa Word wenye kiendelezi cha docx, muundo uliokuja na Office ya mwaka 2007, kwa hakika ni kifurushi cha ZIP, na orodha ya vilivyomo humo iko mwishoni vilevile. Mtandao ukikatika kabla ya kipande cha mwisho kufika, kilichokosekana ndicho hasa kilichohitajika. Baadhi ya programu za kusomea PDF hujaribu kuiunda upya orodha iliyopotea, na pengine hufaulu. Kwa video, bahati hiyo ni adimu.

Linganisha basi ukubwa wa faili uliyo nayo na ule uliotajwa kwenye tovuti, au na nakala ya mwenzako inayofunguka. Jina likiishia kwa herufi za crdownload katika Chrome, au part katika Firefox, upakuaji haujakamilika; rejea kwenye orodha ya upakuaji ya kivinjari na ujaribu kuuendeleza pale ulipokomea. Kubadilisha jina hakuikamilishi faili.

Wakati mwingine unapata “PDF” ya kilobaiti chache tu ilhali tovuti iliahidi kurasa thelathini. Aghalabu hiyo si PDF bali ni ukurasa wa kukutaka uingie kwa nywila, au wa kueleza hitilafu, uliohifadhiwa kwa jina la waraka. Katika tarakilishi, ifungue kwa programu ya maandishi matupu. PDF halisi huanza kwa alama %PDF, na docx huanza kwa herufi PK, ambazo ni za mwanzo za jina la Phil Katz, aliyebuni muundo wa ZIP. Ukikuta neno html mwanzoni, rudi kwenye tovuti uingie kwanza kwa jina lako, ndipo upakue.

Ikiwa faili ni nzima lakini bado haichezi, tazama lugha yake. MP4 ni chombo tu. Ndani yake picha zimebanwa kwa njia iitwayo kodeki. Kodeki ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, inaeleweka na karibu kila simu iliyoko sokoni. H.265, ya mwaka 2013, hubana zaidi lakini huzishinda simu nyingi za zamani, nazo hutoa sauti bila picha, au picha inayokwamakwama. Simu za iPhone hurekodi kwa H.265 tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, isipokuwa mwenyewe abadilishe mipangilio ya kamera. Programu ya VLC, isiyolipiwa, hucheza takriban kodeki zote na huokoa wengi. Aidha, tovuti ikikuambia usakinishe “kodeki maalum” ili uione video, ifunge. Huo ni mtego wa kale wa kusambaza virusi.

Zipo pia kasoro ambazo si za faili kabisa. Tovuti za zamani za ukufunzi zilichora mazoezi kwa vibonzo vya Adobe Flash (si ile flashi ya kuchomeka). Adobe iliacha kuihudumia programu hiyo tarehe 31 Desemba 2020, na tangu Januari 12, 2021 ikazuia vibonzo hivyo visicheze. Ukiona kisanduku kitupu katika ukurasa wa miaka ile, usiilaumu simu yako. Nazo simu zenye Android ya kabla ya 7.1.1 huonya kwamba tovuti “si salama” hata pale ambapo haina tatizo, kwa sababu haziitambui mamlaka ya sasa ya Let's Encrypt, ambayo hutoa vyeti vya bure kwa tovuti nyingi ndogo. Daraja la muda lililozisaidia lilifikia kikomo Septemba 30, 2024. Katika tarakilishi kuukuu, onyo kama hilo huletwa na saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa baada ya betri yake ndogo kufa. Rekebisha tarehe, ujaribu tena.

Kuhusu kugawana faili, WhatsApp huibana video upya inapotumwa kama video ya kawaida, na mguu usiopiga mpira, ambao ndio somo lenyewe, hugeuka ukungu. Itume kama waraka. Anayetaka kuonyesha mechi nzima katika banda la video kwa flashi akumbuke kuwa flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayofikia gigabaiti nne, hata ikiwa na nafasi tele. Na michoro ya mazoezi iliyotengenezwa kwa Word, ambayo mishale yake huhamahama kutoka simu moja hadi nyingine, igeuzwe kuwa PDF kabla ya kutumwa.

Binafsi, ningependa kikundi cha wakufunzi kipakue faili mara moja tu, kisha zigawanywe kwa Bluetooth au flashi. Taasisi ya Tunapanda iliyoko Kibera imeonyesha kwa mtandao wake wa kijamii, TunapandaNET, kwamba shule na vituo vya vijana vinaweza kuunganishwa mtaani humu kwa juhudi za wenyeji.

Mwisho ni suala la kubadilisha muundo wa video. Tovuti nyingi hujitolea kufanya kazi hiyo bure, mradi uwatumie faili. Video ya zoezi kutoka FIFA haina siri, lakini ile uliyorekodi mwenyewe ina nyuso za watoto wa watu. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. HandBrake, programu ya bure, hufanya ubadilishaji huo ndani ya tarakilishi yako, na ina chaguo la kuihamishia faharasa mwanzoni ili video ianze kucheza kabla haijafika yote. Wanaoendesha tovuti za ukufunzi walitumie chaguo hilo pia.