Habari za Ardhi ya Tanzania-Bondeni, Voi, na Ploti Tunayotaka Kununua



Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi, tangu tulipoanza mwaka 2015 tukiwa wanawake 18 na kisanduku cha bati chenye kufuli tatu. Kamati ya kijitabu hiki iliniomba niandike historia ya chama. Hiyo mwekahazina ameshaiandika, na hesabu zake ni nzuri kuliko zangu. Mimi nimeomba niandike habari za ardhi, kwa sababu mwaka huu tunanunua ardhi, na katika mikutano nawasikia akina mama vijana wakisema, "Tukate vipande, kila mtu achukue hati yake aende." Siwalaumu. Hata mimi nilisema hivyo hivyo, miaka zaidi ya thelathini iliyopita, tena mbele za watu.

Mji wetu wa Voi uliletwa na reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita hapa kwenda bara, na wakati wa Vita vya Kwanza ikatolewa nyingine hapa Voi kwenda Taveta. Halafu likaja shamba la mkonge. Mwaka 1948 ikatangazwa mbuga ya Tsavo. Sasa angalia mwenyewe: huku mbuga na ndovu zake, huku mkonge, katikati reli na stesheni yake. Mtu aliyekuja kutafuta kazi akae wapi? Alikaa palipobaki, na palipobaki palikuwa na mwenyewe vilevile. Ndivyo mtaa wetu ulivyoanza, unaoitwa Tanzania-Bondeni, maana ni mitaa miwili iliyoshikana.

Marehemu mama alikuwa na nyumba ya fito na udongo pale. Nyumba ilikuwa yake, lakini ardhi haikuwa yake. Wale ambao hawajaishi maisha hayo hawajui maana yake. Si kwamba hatukuwa na pesa kabisa. Mama aliuza maharagwe ya kuchemsha stesheni, angeweza kununua bati moja moja. Lakini kila akitaka kununua anasema, "Wakija kubomoa, bati litakunjika." Basi tukanyeshewa miaka na miaka, si kwa umaskini tu, ni kwa kuogopa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja mradi wa kuendeleza miji midogo, wa Wizara ya Serikali za Mitaa pamoja na GTZ ya Ujerumani, wakishirikiana na baraza la mji. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, na sisi tukaficha mbuzi tukidhani ni kodi. Kumbe walikuwa wanatathmini kama mahali pale panafaa watu wa kipato kidogo kujengewa misingi ya maisha, au wahamishwe.

Mahali penyewe ni kama hekta 22, na watu karibu 5,000. Shida ya kwanza haikuwa udongo wala maji, ilikuwa wenyewe wa ardhi. Kipande kilikuwa cha Serikali, kipande cha shirika la reli, kipande cha kampuni ya mkonge. Bila hao watatu kukubaliana hakuna barabara wala bomba litakalopita. Shida ya pili ilikuwa sheria za ujenzi. Zile za zamani zilitaka nyumba ya mjini iwe ya mawe na vipimo vikubwa. Ukizifuata, maskini wote wako nje. Ndiyo maana ikabidi vifaa vya bei nafuu vikubaliwe. Baadaye, mwaka 1995, Serikali ilitoa kanuni nyepesi za ujenzi wa namna hiyo kwa nchi nzima.

Lakini jambo kubwa lilikuwa lile la mikutano. Wananchi tuliulizwa: mnataka ardhi mpewe kwa njia gani? Kila mtu na hati yake? Au chama cha ushirika? Au ardhi yote iwe chini ya amana ya jamii? Hii ya mwisho ilielezwa hivi: ardhi inabaki moja, inashikwa na wadhamini kwa niaba ya wakaaji, haiuzwi. Wewe unapewa haki ya kukaa na kujenga, watoto wako wanarithi. Ukitaka kuondoka unauza nyumba uliyojenga, si ardhi. Mfano wenyewe ulitoka Marekani, jimbo la Georgia, ambako wakulima weusi walianza hivyo mwaka 1969 baada ya kufukuzwa kwenye mashamba ya wenyewe. Kwa sisi watu wa pwani halikuwa jambo geni sana. Waislamu wana wakfu, na shamba la ukoo huliuzi peke yako.

Mimi nikasimama nikasema nataka hati yangu. Nilisema mtu mzima hafungwi mikono na jirani. Nikapigiwa makofi na vijana. Akainuka bibi mmoja aliyekuwa jirani yetu, akaniuliza:

"Mjukuu wangu, ukipewa hati utauza?"

"Siuzi, bibi."

"Na mumeo?"

"Sina mume, bibi."

"Utampata. Akitaka kuuza utamshika mkono?"

Watu wakacheka, nami nikakaa chini kwa hasira. Lakini wazee walikuwa wamesikia mambo ya Dandora kule Nairobi, mradi wa miaka ya 1970, jinsi maskini wengi waliopewa ploti waliziuza kwa shida ndogo ndogo, na matajiri wakajenga vyumba vya kupangisha. Wengi mtaani kwetu wakachagua amana. Ulikuwa mpango wa kwanza wa aina hiyo katika Kenya.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Sheria yetu haikuwa na kitu kama hicho, ikabidi waunganishe chama kilichoandikishwa na hati ya udhamini, na makaratasi yakachukua miaka mingi. Wengine walichoka. Rafiki yangu mmoja alitaka mkopo wa kumtibu mtoto, akaambiwa na benki kwamba karatasi yake si ya kuweka rehani. Alinilaumu mimi, ingawa mimi ndiye niliyepinga! Na mpango huo haukuenea miji mingine kama walivyotarajia. Lakini mama alinunua bati. Alinunua 14, moja moja, na alifia chini yake.

Tangu treni mpya ya SGR ianze mwaka 2017 bei za ardhi Voi zimepanda, na Serikali ilipopitisha sheria ya nyumba za bei nafuu mwaka 2024, yenye makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, kila mwenye eka moja anajiona tajiri. Kamati yetu imekagua mahali patatu. Karibu na stesheni mpya pazuri, lakini pesa zetu zinatosha robo tu. Ng'ambo ya mto ni rahisi, ila nyasi zimekwama juu ya miti, maana yake maji hufika pale. Pa tatu ni pakavu, bomba haliko mbali, na mwenye shamba ana hati. Tulifanya sachi ofisi ya ardhi, jina ni lake. Bado idhini ya bodi ya ardhi, na ushuru wa stempu: asilimia 2 ikihesabiwa ardhi ya mashambani, 4 ikihesabiwa ya mji. Wanaosema tulipe haraka bila hayo, naomba wangoje.

Kuhusu hati moja au hati 31, mimi kura yangu mnaijua sasa. Nimependekeza hati moja kwa jina la chama, na pesa kidogo zitengwe kando za kukopeshana wakati wa ugonjwa, lile jambo Bondeni hatukuliweka. Binti yangu, ambaye ni mwanachama nambari 27, ananipinga, na anapigiwa makofi. Mkutano wa kuamua ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane kamili, mahali pa kawaida. Kila mtu aje na kitambulisho, na atakayechelewa faini ni ile ile ya shilingi 50.

Mwenyekiti wenu.