Wenzo Uwekwe Wapi? Chandarua, Mbu na Fikra za Mifumo Nchini Tanzania

Mwaka 1999 mwanasayansi wa Marekani, Donella Meadows, aliorodhesha mahali 12 ambapo mfumo ukisukumwa hubadilika. Chini kabisa, penye nguvu ndogo kuliko pote, aliweka namba: viwango, kodi, kiasi cha ruzuku. Juu zaidi aliweka mtiririko wa taarifa, kanuni na lengo la mfumo wenyewe. Sisi tunaoshughulika na afya ya jamii huanzia chini, na mara nyingi huishia hukohuko. Habari za chandarua chenye dawa nchini Tanzania zinaonyesha gharama ya mazoea hayo.

Mradi wa KINET ulianza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ukiuza chandarua kilichoitwa Zuia Mbu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 ilihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Kama chandarua kinaokoa maisha au hakiokoi, mjadala huo ulikwisha hapo. Likabaki swali gumu zaidi: kifikeje nyumbani, na kiendeleeje kufika? Kuanzia 2004 mpango wa Hati Punguzo ulimpa mjamzito aliyehudhuria kliniki hati ya kununulia chandarua dukani, mradi aongeze fedha kidogo. Asiyekuwa nazo alirudi na hati yake mkononi. Ndipo zikaja kampeni za bure, ya watoto wadogo mwaka 2009–2010 na ya kaya zote mwaka 2010–2011. Hiyo ya pili pekee iligawa zaidi ya vyandarua milioni 17.

Kazi ile ilikuwa kubwa na haistahili kubezwa. Lakini mtungi unaovuja haupimwi kwa maji yaliyomiminwa siku ya kwanza. Chandarua huchanika, huungua, huondoka na kijana anayehamia mjini. Kilikadiriwa kudumu miaka 3. Utafiti uliofuatilia aina tatu za vyandarua nchini ulikuta muda wa kati wa kudumu kwake ni miaka 2 hadi 2.6. Kampeni hujaza mara moja kwa miaka kadhaa, ilhali uchakavu hupunguza kila siku, na kila siku huzaliwa watoto wasiokuwamo katika hesabu ya mgawo uliopita.

Kwa hiyo nauona uamuzi wa mwaka 2013, wa kugawa vyandarua kila mwaka kupitia wanafunzi wa Lindi, Mtwara na Ruvuma, kuwa muhimu kuliko milioni zote za kampeni. Baadaye kliniki nazo zilianza kutoa chandarua bure, kwa mjamzito katika hudhurio la kwanza na kwa mtoto anapopata chanjo ya surua. Ujauzito, chanjo na shule ni mikondo iliyokuwapo tayari, inayotembea kila wiki bila kusubiri kampeni. Chandarua kilipandishwa tu juu yake. Atakayesema mtungi ulihitaji kwanza kujazwa ana haki. Hata hivyo, palipo na ripoti inayohesabu vyandarua vilivyogawiwa badala ya watu waliolala ndani yake, kampeni itapendwa daima, maana ndiyo inayotoa tarakimu nene kwa muda mfupi. Hapo tatizo limo katika lengo la mfumo, wala si katika bohari.

Mbu naye yumo katika mfumo. Vyandarua vya kwanza vyote vilitegemea pairethroidi, kundi moja la viuadudu, na kadiri vilivyoenea ndivyo mbu wanaoistahimili walivyobaki na kuzaliana. Jaribio la Muleba, lililochapishwa 2018, lilionyesha faida ya kuongeza PBO, kemikali inayodhoofisha kinga ya mbu. Lile la Misungwi, 2022, lilionyesha kwamba chandarua chenye pairethroidi pamoja na kiuadudu kingine, klofenapiri, kiliwakinga watoto zaidi ya kile cha pairethroidi pekee, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likakipendekeza. Ni habari njema, ila mzunguko ni uleule. Tumebadili dawa tu.

Tena klofenapiri ilitumika kuulia wadudu wa mazao kabla haijafika kitandani, na mbu anayekutana nayo shambani anaweza kujenga usugu hukohuko. Kibali cha kuipulizia shambani kiko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chandarua kiko Wizara ya Afya. Nadai kwamba wenzo mrefu zaidi tulio nao sasa umo katika kibali hicho: kusiwe na usajili mpya wa klofenapiri kwa kilimo mpaka takwimu za usugu wa mbu wa eneo husika zisomwe, na mpango wa taifa wa kudhibiti malaria uwe na sauti katika uamuzi. Mkulima wa nyanya atauliza, kwa haki kabisa, nani atamfidia wadudu wakimla mtaji. Fidia hiyo itoke katika bajeti ya malaria. Wahasibu watanung'unika, lakini waweke kando yake gharama ya kutafuta, kujaribu na kununua chandarua kingine kipya klofenapiri ikishindwa.