Ramani ya kuazima, ushuhuda wa kwetu

Leo naandika juu ya kitu tunachotumia kila siku bila kukiona. Unafungua ukurasa mmoja wa intaneti, kumbe ramani inatoka Marekani, bei ya dola inatoka ku benki, picha inatoka fasi ya tatu kabisa. Hii tabia ya kurasa kuchukua vitu vya wengine iko na historia, na historia ile inatugusa.

Ilianza na picha. Mwaka 1993, Marc Andreessen na wenzake wa programu ya Mosaic walileta alama ya kuweka picha katikati ya maandishi. Alama ile haikuuliza picha ni ya nani: uliandika anwani ya serveri ya mutu mwingine, na picha yake inaonekana kwako. Kisha Netscape ikaleta JavaScript, na hatari ikajitokeza: kodi ya ukurasa mmoja ingeweza kusoma siri zako mu ukurasa mwingine. Netscape ikaweka sheria kwamba kodi isome tu data ya fasi ilikotoka. Picha zilipita, data hapana.

Watu wakatafuta njia. Ya kwanza: serveri yako yenyewe iende kuchukua. Mwaka 1999 Netscape ilitoa RSS, namna ya kupanga vichwa vya habari ili serveri ingine ivisome na kuvionyesha kwake. Ya pili: mwenye data afungue mlango. Februari 2005 Google ilitoa ramani zake, na Paul Rademacher, bila kungoja ruhusa, akaweka juu yake matangazo ya nyumba za kupanga ya Craigslist. Google haikumfukuza. Juni mwaka ule ule ilifungulia kila mutu mlango rasmi, bure.

Afrika haikuchelewa. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoleta machafuko Kenya, Ory Okolloh aliomba mafundi wajenge ramani ya yale yaliyokuwa yanatendeka. Januari 2008, yeye na David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakatoa Ushahidi, kazi ya siku chache tu. Raia walituma habari kwa intaneti na kwa SMS, zikaonekana juu ya ramani ya Google. Mwishoni mwa 2008 programu ile ilitumiwa huku kwetu, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita.

Tuangalie vizuri: ramani ilikuwa ya kuazima, lakini ushuhuda wenyewe ulikaa mu hazina yao. Hapo njo kuna somo. Juu mu Julai 2018 Google ilibadilisha masharti: kila mwenye kuweka ramani yake ku ukurasa kupitia mlango ule rasmi afungue akaunti yenye karti ya benki, hata kama matumizi ni madogo. Kurasa ambazo hazikufanya hivyo, ramani yao iligeuka giza, na maandishi yakapita juu yake. Mwanafunzi wa kwetu asiye na karti angefanya nini?

Sisi wa kilimo tunajua jambo hili. Mukulima anayenunua mbegu kila musimu anafuata bei ya duka. Aliyeweka mbegu yake ku ghala anapanda mvua ikinyesha. Sisemi tusiazime. Bila kuazima, Ushahidi haingezaliwa kwa siku chache. Lakini ukijenga ukurasa wa bei ya muhogo ao wa mvua, azima kile unachoweza kubadilisha, na data yenyewe uiweke kwako, na nakala yake. Hata ramani iko na njia ingine: OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza 2004, unaruhusiwa kuipakua na kuiweka ku mashini yako.

Kabla ya kuunganisha ukurasa wako na chanzo cha nje, jiulize: siku wakifunga mlango, mimi nitabakia na nini?