Chokaa, Boriti na Wageni: Nyumba za Mji Mkongwe Zilivyogeuka Hoteli

Nyumba ya ghorofa ya Mji Mkongwe wa Unguja imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma mawe hayohayo juu ya lundo la magogo; boriti zilikatwa visiwani na mwambaoni, hasa katika delta ya Rufiji. Ukuta huwa mnene, nusu mita na zaidi, kwa kuwa matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa hayawezi kubeba ghorofa mbili au tatu yakiwa membamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, kisha hutwangwa kwa siku nyingi mpaka iwe sakafu. Neno sakafu lenyewe lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni paa au dari. Katika nyumba ya ghorofa maana zote mbili zinafaa, maana dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu.

Boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba. Kwa vile ni nadra ipite mita tatu, vyumba vikawa vyembamba na virefu, vikapangwa kuuzunguka ua ulio wazi juu. Aliyetaka nyumba kubwa hakuongeza upana wa chumba bali idadi ya vyumba. Chokaa nayo ina sharti lake: huvuta unyevu na kuutoa, na kila baada ya mvua za masika inahitaji kupakwa upya. Paa likivuja misimu michache bila fundi kupanda juu, vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta na sakafu inaanza kubonyea. Kwa hiyo historia ya nyumba hizi, tangu zilipojengwa hadi zilipopokea watalii, ni historia ya nani alikuwa na uwezo na sababu ya kulipia chokaa.

Walipaji wa kwanza walikuwa matajiri wa karne ya 19. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, mji ulijaa fedha za karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na kazi kubwa ya kubeba na kuponda mawe iliwaangukia watumwa hao. Waomani walijenga nyumba zenye sura kavu kwa nje na ua kwa ndani, mlango wa nakshi ukiwa ndio pambo pekee la barabarani. Wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat walijenga za duka chini na makazi juu, wakaongeza roshani za mbao. Tharia Topan, aliyesimamia ushuru wa forodha wakati wa Sultani Barghash, aliweka jiwe la msingi la zahanati yake ya hisani mwaka 1887. Akafariki mwaka 1891 kabla haijakamilika. Barghash mwenyewe alikuwa amekwisha kujenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883.

Kubadili matumizi ya nyumba hakukuanza na utalii. Nyumba ya Mambo Msiige, iliyojengwa mtaa wa Shangani katikati ya karne ya 19, ilianza kuwa makazi ya tajiri, wakaingia wamisionari wa Kianglikana, kisha ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza na baadaye ofisi za serikali. Waya wa simu za maandishi kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na shughuli za mawasiliano ya nje nazo zikapata jengo lao hapo hapo Shangani. Nyumba hizi zilikuwa zimezoea kubadili wenyewe. Hazikuwa zimezoea kukosa mwenyewe.

Hilo lilitokea baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Waarabu na Wahindi wengi waliokuwa na nyumba walikimbia, na nyumba zao zikachukuliwa na serikali. Familia kutoka mashamba na kutoka Pemba zilipewa vyumba humo, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuishi katika mtaa ambao kabla yake walipita kama vibarua. Haki iliyokuwamo katika jambo hilo haiwezi kupuuzwa. Lakini kodi ilikuwa ndogo, mara nyingine hapana kabisa, na nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja sasa ilikuwa na kaya nyingi, kila moja ikitunza chumba chake. Paa, ngazi na mifereji havikuwa vya mtu. Serikali nayo ilielekeza macho Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwenye majumba mapya ya Michenzani, na ilipotaka hoteli ya wageni katika miaka ya 1970 ilijenga Bwawani kwa zege, pembeni mwa mji, huku nyumba za matajiri wa zamani zikianza kuanguka ndani kwa ndani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisaidia kuupima mji na kuandaa mpango wa kuuokoa. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kulinda vitega uchumi. Biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, na serikali ikaanza kuziuza baadhi ya nyumba ilizozitaifisha kwa masharti ya kuzikarabati. Mwaka 1994 mji ulipata sheria yake ya hifadhi pamoja na mpango mkuu uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Taasisi hiyohiyo ya Aga Khan ndiyo iliyofufua zahanati ya Tharia Topan, roshani zake za mbao zikarudishwa kipande kwa kipande. Upande wa biashara, jengo la mawasiliano la Shangani pamoja na nyumba jirani iliyokuwa makazi ya madaktari wa Kichina viliunganishwa kuwa hoteli ya Serena, iliyofunguliwa mwaka 1997. Klabu ya Waingereza ilikuwa imegeuzwa hoteli ya Africa House. Huko Hurumzi, Mmarekani Emerson Skeen na mwenzake walichukua jumba linalohusishwa na Tharia Topan na kulifanya hoteli ya namna nyingine: vitanda vya kale, vyumba visivyo na televisheni, na chakula cha jioni juu ya paa, wageni wakiketi kwenye mito. Mtindo huo uliigwa mji mzima. Ulionyesha kwamba chumba chembamba chenye vidaka ukutani kinaweza kuwa ndicho kinachomvuta mgeni, na kwamba mwenye hoteli hana haja ya kuvunja ukuta ili apate ukumbi.

Ugumu wa kweli uko bafuni. Katika nyumba ya asili vyoo vilikaa pembeni, kimoja juu ya kingine kando ya ukuta mmoja, ili maji machafu yashuke mahali pamoja. Hoteli inataka bafu kwa kila chumba. Nyumba yenye vyoo vitatu ikapata mabafu kumi na mawili, na mabomba yakapenya kuta ambazo hazikujengwa kukutana na maji kila siku. Kiungo kimoja kikilegea, maji huingia kimyakimya kwenye chokaa, hushuka hadi kwenye kichwa cha boriti, na uozo huonekana siku sakafu inapopasuka.

Dawa iliyotumika mara nyingi ilizidisha ugonjwa. Saruji ni ngumu, inakauka haraka na kila fundi anaijua, basi kuta za chokaa zikapigwa lipu ya saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu na chumvi vikabaki ndani, lipu ikajitenga na ukuta, ikabanduka na vipande vya matumbawe. Mkahawa wa juu ya paa nao, ambao kwa mgeni ndio mji wenyewe, huongeza uzito wa zege, matangi ya maji na watu juu ya kuta ambazo hazina nondo hata moja. Wenye hoteli waliorudi kwa mafundi wazee wa chokaa, wakakubali kungoja ikauke kwa wiki kadhaa, ndio waliopata majengo yanayotulia.

Mambo Msiige iliibua ubishi wa aina nyingine. Ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, na jumba la kale lilikarabatiwa vizuri. Mgogoro ulihusu jengo jipya lililopandishwa kando yake ufukweni, ambalo urefu na ukubwa wake viliifanya Kamati ya Urithi wa Dunia ilalamike. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki: uso wa mji unaoonekana kutoka baharini hauwezi kukarabatiwa ukishazibwa. Ukarabati wenyewe nao una hatari zake: miaka mitano baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, watu wawili wakafariki.

Katikati ya hoteli hizi bado wanaishi watu wa mji. Wapo wapangaji wa serikali, wapo wapangaji wa nyumba za wakfu, ambazo ni nyingi na kodi zake hazifiki gharama ya boriti moja nzuri. Katika vichochoro vya Kiponda na Hurumzi nyumba zimeshikana, ukuta mmoja ukitumika na nyumba mbili. Hoteli ikipaka upande wake chokaa mpya na jirani akakosa pesa ya paa, maji ya jirani hupita ukutani na kutokea kwenye chumba cha mgeni. Baadhi ya wenye hoteli wameamua kulipia paa la jirani.