Picha za Nyuklia katika Uchunguzi wa Moyo: Zinaonesha Nini na Nani Anazihitaji

Kipimo cha picha za nyuklia za moyo ni uchunguzi unaotumia kiasi kidogo cha dawa nururifu kuonesha namna damu inavyoifikia misuli ya moyo. Katika eksirei, mionzi hutoka kwenye mashine na kupita mwilini. Katika kipimo hiki, mionzi hutoka ndani ya mwili wa mgonjwa na kunaswa na kamera ya gama iliyo nje. Kwa mkazi wa Namawala, kijiji cha wakulima wa mpunga kilicho magharibi mwa Ifakara, wilayani Kilombero, mkoani Morogoro, mashine hiyo iko mbali. Hata hivyo, safari ya kuifikia, au ya kubaini kwamba haihitajiki, huanzia katika kituo cha afya kilicho karibu naye.

Jina la Namawala linafahamika kwa watafiti wa malaria tangu miaka ya 1990, kutokana na tafiti za mbu zilizofanywa na kituo cha Ifakara ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Magonjwa yasiyoambukiza nayo sasa yanadai nafasi yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yalisababisha vifo vya watu milioni 17.9 duniani mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Jinsi kipimo kinavyofanyika

Dawa inayotumika zaidi hubeba teknesiamu-99m. Hudungwa katika mshipa wa mkono, husafiri na damu na kuingia katika chembe hai za misuli ya moyo. Baada ya nusu saa hadi saa moja, mgonjwa hulala kitandani akiwa ameinua mikono juu ya kichwa, na kamera huzunguka kifua chake kwa takribani dakika 15 hadi 20. Kompyuta huunganisha picha hizo na kuonesha moyo kwa vipande, kama mkate uliokatwa.

Picha hupigwa mara mbili: moyo ukiwa umepumzika, na moyo ukiwa umefanyishwa kazi kwa mgonjwa kutembea haraka kwenye mashine ya mazoezi. Asiyeweza kutembea hupewa dawa inayopanua mishipa ya moyo. Daktari kisha hulinganisha picha hizo mbili. Sehemu inayokosa damu wakati wa kazi lakini ikapata damu wakati wa mapumziko huashiria mshipa uliosinyaa, na misuli ya hapo bado ni hai. Sehemu inayokosa damu katika picha zote mbili mara nyingi ni kovu la shambulio la moyo lililopita.

Tofauti hiyo ndiyo thamani kubwa ya kipimo. Misuli iliyo hai inaweza kunufaika mshipa wake ukizibuliwa au ukifanyiwa upasuaji, ilhali kovu halirudishwi uhai kwa kuzibua mshipa. Kipimo pia huonesha kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kila unapopiga, na huweza kumwepusha mgonjwa na uchunguzi wa kuingiza mrija ndani ya mishipa pale usipohitajika. Kina mipaka yake pia: mishipa yote mitatu mikuu ikisinyaa kwa kiwango kinacholingana, picha inaweza kuonekana ya kawaida. Kwa sababu hiyo majibu husomwa pamoja na dalili za mgonjwa na vipimo vingine.

Nani anakihitaji

Kipimo hiki humfaa zaidi mtu mwenye maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi anapofanya kazi, ambaye daktari anashuku kusinyaa kwa mishipa ya moyo, hasa akiwa na kisukari, shinikizo la juu la damu au historia ya kuvuta sigara. Si kipimo cha kila ugonjwa wa moyo. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikuu cha moyo kushindwa kufanya kazi miongoni mwa wagonjwa waliochunguzwa. Shinikizo hilo hugunduliwa kwa mashine ya kawaida ya kupimia, bila mionzi yoyote. Magonjwa ya valvu, yakiwemo yanayotokana na homa ya baridi yabisi utotoni, na matundu ya moyo kwa watoto huchunguzwa vyema kwa kipimo cha eko, kinachotumia mawimbi ya sauti.

Kwa mwananchi wa bonde la Kilombero, hatua ya kwanza ni kupimwa shinikizo la damu na sukari. Dalili zikiendelea, hupelekwa hospitalini, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko iliyopo Ifakara. Uchunguzi wa kibingwa zaidi hufuata kwa barua ya rufaa, hasa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Jijini humo pia ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, yenye huduma za tiba ya nyuklia. Daktari wa moyo ndiye anayeamua kama picha za nyuklia zinahitajika na mahali pa kuzipata.

Kwa nini huduma haiwezi kuwa kila wilaya

Nguvu ya teknesiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, hivyo haiwezi kuhifadhiwa ghalani kama dawa nyingine. Huzalishwa hospitalini kutokana na molibdenamu-99, ambayo nayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66, na huagizwa kutoka katika vinu vichache duniani, kikiwemo cha Pelindaba, Afrika Kusini. Vinu vya Kanada na Uholanzi viliposimama kati ya mwaka 2009 na 2010, hospitali za nchi nyingi zilipungukiwa na dawa hiyo.

Usalama na maandalizi

Kupungua huko kwa haraka ni kinga kwa mgonjwa. Baada ya saa 24 hubaki chini ya sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu ya awali, na sehemu ya dawa hutoka kwa mkojo na choo. Kiasi cha mionzi kwa kipimo kamili ni takribani milisivati 10, sawa na mionzi ya asili ambayo mtu hupata kwa wastani katika miaka minne. Nchini, matumizi ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003.

Mgonjwa huelekezwa kutokunywa chai, kahawa wala soda aina ya kola kwa saa 24 kabla ya kipimo, kwa kuwa kafeini huzuia kazi ya dawa ya kupanua mishipa. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye pumu na mwenye kisukari anatakiwa kumjulisha daktari mapema. Dawa za moyo zisisitishwe bila maelekezo ya daktari.

Maumivu makali ya kifua yanayodumu kwa dakika kadhaa, yakiambatana na jasho au kusambaa mkononi au kwenye taya, hayasubiri rufaa ya kipimo. Mgonjwa afikishwe mara moja katika hospitali iliyo karibu.